Ng'ombe wa Njia ya Itobo

Siku hizi Awadhi halii tena kama ng'ombe. Mgeni wa Tabora hawezi kujua kwa nini jambo hilo linatusumbua, lakini sisi wa Ipuli tukipita kibandani kwake, pale anapouza maji na biskuti kando ya stesheni, tukakuta kimya, tunatazamana na kuendelea na safari zetu. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila mzee Valentino alipotokea na baiskeli yake, Awadhi aliweka viganja mdomoni akalia "mooo" mpaka abiria waliokuwa wakisubiri treni wakageuka kumtafuta mnyama. Valentino naye hakukosa jibu. "Nyamaza, Mzaramo wewe. Babu yangu alimbeba babu yako kutoka pwani kama gunia la chumvi." Kisha wanacheka wote wawili, na Awadhi anamfungulia mwenzake chupa ya maji.

Awadhi ni Mzaramo na Valentino ni Mnyamwezi, na kati ya hao wawili utani si tabia ya mtu, ni urithi. Mtani anaweza kukusema mbele ya jeneza la mama yako na wewe ukamkaribisha chakula. Lolote litakalotoka kinywani mwake halina kesi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililomponza Valentino, na kama ningeulizwa mimi, ningesema ndilo lililomlea vibaya pia.

Valentino alikuwa dereva wa parokia mpaka alipostaafu. Mwembamba, shati limechomekwa kila siku, sauti ya besi kwenye kwaya. Aliendesha pikapu ya mapadre kwa uangalifu uliotuudhi. Ukipanda naye kwenda Nzega kuzika, unafika watu wameshanawa mikono. Pombe haonji. Kwenye harusi zetu anashika soda moja kuanzia ndoa mpaka keki. Tulimtolea mfano kwa vijana wetu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Kuhusu ng'ombe, kila mtu alimjua ingawa hakuna aliyepata kumwona. Habari yenyewe ilikuwa hivi: Valentino alipokuwa bado kijana wa kutosha, mwaka mmoja tu baada ya mkewe Marcelina kufariki, alikwenda Bukene kumchukua binti yake Agnetha aliyekuwa likizo kwa shangazi yake. Wakati wa kurudi, kwenye njia ya vumbi karibu na Itobo, ng'ombe akakatiza barabara. Valentino akamkwepa. Pikapu ikaingia mtaroni ikalala ubavu, na Agnetha, aliyekuwa na miaka saba na amekaa mbele, akapasuka paji la uso. Walimshona Nzega. Kovu lilibaki, jeupe, refu kama kijiti cha kiberiti.

Mtoto alipoanza kutazama kioo aliuliza, "Baba, yule ng'ombe alikuwa wa rangi gani?" Baba yake akamjibu, "Mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Ndiyo maana na wewe amekuachia lako." Jibu hilo lilimfurahisha mtoto. Akawa anamwuliza kila mara, si kwa kutaka kujua, bali kwa kutaka kusikia. Shuleni walipoambiwa wachore mnyama wa kufugwa, Agnetha alimchora huyo. Watoto wenzake walipomcheka kovu aliwaambia kwamba ng'ombe wake ndiye aliyemtia alama, na wao wamepewa nini?

Sasa niseme lililo kweli. Kwenye njia ya Itobo siku ile hapakuwa na ng'ombe.

Palikuwa na wanzuki. Kabula, dada mkubwa wa Valentino, ndiye anayejulikana Bukene nzima kwa kupika wanzuki wa asali safi, na Valentino alikaa kwake tangu asubuhi, mjane mwenye majonzi, akinywa kikombe juu ya kikombe. Kabula alimwambia alale. Yeye akasema maneno ambayo wengi wetu tumeyasema: wanzuki si pombe, ni asali. Akampakia mtoto, akawasha gari, na kabla ya Itobo usingizi ukamchukua na usukani mkononi. Polisi walipokuja hawakuhitaji kipimo. Mahakamani Nzega, hakimu alipomwuliza kama alikuwa amekunywa pombe, alijibu, "Mheshimiwa, si pombe, ni wanzuki." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alimtia hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa na kumjeruhi mtoto, akampa faini au jela, na kwa kuwa mshahara wa parokia haukuweza kufikia faini ile, Kabula alitoa dume lake zizini akaliuza mnadani. Ng'ombe dume, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Valentino aliporudi Tabora, mtu wa kwanza kumwuliza kilichotokea alikuwa Awadhi. Mdomo ukamtangulia. "Ng'ombe," alisema. Basi. Awadhi akalia "mooo" siku ileile, na kuanzia hapo uongo ukawa na mlinzi, kwani nani atachunguza jambo ambalo mji mzima unalicheka? Paroko wa wakati ule alijua; alimnyang'anya ufunguo kwa miezi kadhaa, akamsamehe, kisha akahamishwa jimbo lingine. Kabula alijua, naye ni wa Bukene. Valentino hakuonja tena kileo. Hilo nampa kwa mikono miwili. Lakini kuacha pombe na kusema ukweli ni vitu viwili, na yeye alifanya kimoja.

Agnetha akakua, akasomea uuguzi, akapata kazi Kanada. Mwaka jana akapata na mchumba, na akataka baba yake ndiye ampeleke altareni. Maombi ya viza aliyajaza yeye mwenyewe kule aliko, anasoma swali kwa simu, baba anajibu akiwa amekaa uani anabangua karanga. Jina la babu. Kazi uliyofanya. Ulishawahi kuugua kifua kikuu? Halafu akasoma, "Wanauliza kama umewahi kukamatwa, kushitakiwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, nchi yoyote."

"Kesi?" alisema Valentino. "Mimi kesi yangu ni na Awadhi tu."

Agnetha akacheka, akaandika hapana, akaenda swali linalofuata. Tazama ujanja wa ulimi: hakusema hapana. Alitania. Angeweza kumpigia tena kesho yake, au wiki ile, au wakati wowote wa miezi waliyosubiri jibu. Baadaye, siku alipotueleza yote, Awadhi akiwapo, alisema kwamba alijipa moyo kwa neno moja ambalo sisi sote tunalitumia: kesi iliisha. Faini imelipwa, kesi imeisha. Hapa kwetu mtu akishalipa, ukimkumbusha wewe ndiye mchokozi. Hakujua kwamba kuna nchi ambako kesi huisha lakini haifi. Na hili nalo alikuja kuambiwa amechelewa: kosa lenyewe la zamani wangeweza kulisikiliza na kulipima, miaka imepita mingi. Kulificha ndiko kulikofunga mlango.

Viza ikatoka. Jumuiya yetu ilimfanyia kuaga ambako sijaona tangu padre mzalendo wa kwanza wa mtaa wetu alipopewa daraja. Kwaya iliimba. Tukampa karanga, uyoga mkavu, asali ya Usinge iliyochujwa mara mbili, na kitenge cha bibi harusi. Mimi nilisimama nikahutubia, Mungu anisamehe. Nikasema sisi ni wajukuu wa wapagazi. Nikasema babu zetu walikwenda pwani kwa miguu na pembe begani, na kijana ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, na aliyegeuka njiani alirudi kwao kwa kupita nyuma ya nyumba. Nikasema leo Valentino anakwenda mbali kuliko wote. Watu wakapiga vigelegele. Awadhi, aliyealikwa kwa haki ya utani, akaongeza, "Huko Kanada ng'ombe ni wengi na barabara ni pana. Mtani wangu, kodoa macho."

Valentino alicheka kuliko wote.

Kabula alikuwa amekuja kutoka Bukene na chupa yake. Kwake yeye, harusi ya binti wa nyumbani bila wanzuki wa nyumbani ni mkutano tu. Aliifunga chupa kwa nailoni, akaizungushia kitenge, akaisukuma katikati ya sanduku. Sasa wanzuki haujui safari. Ni kitu kilicho hai, kinachemka chenyewe, na ndege mbili na joto na baridi vikaufanya ufanye ulivyoumbwa.

Sanduku lilipotokea Toronto lilikuwa limelowa na linanukia Bukene. Ofisa wa mpakani akamwita pembeni kwa adabu, akalifungua, akaitoa chupa iliyovimba. Kiingereza cha Valentino ni cha "gudi moningi fadha". Wakampigia simu mkalimani, wakaiweka mezani ikisikika kwa wote. Kwa lafudhi alikuwa Mkenya, kijana mpole.

"Mzee, shikamoo. Afisa anauliza hii chupa ni pombe?"

"Marahaba. Mwambie si pombe, ni wanzuki. Asali na maji."

"Anauliza, inalewesha?"

Hapo ndipo Valentino alipofanya kosa ambalo ni mtu wa Tabora tu angeweza kulifanya. Alikuwa amechoka, ameogopa, na sauti ya Kiswahili ugenini ilimfanya ajione yuko stesheni na Awadhi. Akacheka. "Mwambie hata hakimu wa Nzega aliniuliza hivyohivyo."

Valentino anasema alimsikia mkalimani akivuta pumzi. Kisha akatafsiri, kwa kuwa kazi yake ni kutafsiri kila kinachosemwa, utani na usio utani. Ofisa akaweka chupa chini.

"Mzee," sauti ikarudi, na safari hii haikuwa na uchangamfu, "anauliza: hakimu gani?"

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Valentino ilitoka Itobo ikafika Toronto, lakini ilipofika hapo ikaisha ghafla. Alijaribu kueleza. Alisema ilikuwa zamani, alisema alilipa, alisema kesi iliisha, na kila alichokisema kikawa kinathibitisha. Walimwuliza nani aliyeandika hapana. Akasema, "Mwanangu." Kisha akaona jinsi neno hilo lilivyosikika, akalia mbele yao, mzee mzima, huku mkalimani akisubiri kwenye simu asijue kilio hutafsiriwaje. Wakampa karatasi ya maelezo. Hangeingia. Angerudishwa kwa ndege ya kesho yake, na kwa kuficha kwake, kwa miaka mitano asiombe tena.

Walimruhusu kumpigia binti yake.

"Baba, mbona mnachelewa hivyo? Niko hapa mlangoni. Nimekuletea koti, nje kuna baridi."

Kati yao palikuwa na ukuta mmoja na mlango unaofunguka wenyewe. Valentino alikuwa akiwaona abiria wenzake wakipita, mlango unafunguka, unafungwa, na kila ulipofunguka alijibanza nyuma ya nguzo asionekane. Akamwambia, "Wanasema makaratasi hayajakaa sawa, mama. Wananirudisha." Agnetha akauliza makaratasi gani, akasema yeye ndiye aliyeyajaza, yalikuwa sawa yote, awape simu aongee nao. Valentino akasema hawataki. Alisema uongo huo akiwa ameshika mkononi karatasi yenye ukweli, ofisa amesimama hatua chache kutoka kwake na yuko tayari kabisa kuongea.

Alipofika Dar es Salaam hakuweza kupanda basi la Tabora. Angeshukia wapi? Kila kondakta ni mtoto wa mtu. Akakata tiketi ya treni ya Mwanza mpaka Bukene kwa dada yake, akisahau, au akijifanya kusahau, kwamba treni hiyo haina njia nyingine ila kupitia Tabora, tena inasimama pale muda mrefu mabehewa yakigawanywa, ya Kigoma huku, ya Mwanza kule.

Treni ilichelewa kama ada yake, ikaingia Tabora mchana kweupe. Valentino alijifunika shuka kichwani kama mgonjwa. Alisikia wauza asali, akawatambua kwa sauti zao. Alisikia mama wa Ipuli akibishana bei ya kuku, na mama huyo nilikuwa mimi. Kisha nje ya dirisha lake hasa akamsikia Awadhi akimwambia mteja, "Mtani wangu yuko Kanada sasa hivi. Nasikia ng'ombe wamepewa likizo mpaka aondoke." Mteja akacheka. Valentino alituambia kwamba siku zote alikuwa akidhani aibu ni kitu cha usoni, kumbe inaweza kukaa tumboni kama jiwe la kusagia. Alikaa chini ya shuka lile, nyumbani kwake pako mwendo wa baiskeli, akiomba treni iondoke. Abiria wa kiti cha pili akamwuliza kama anaumwa. Akasema ndiyo.

Kabula alimwona akiingia uani na sanduku bado lina kibandiko cha ndege. Akaacha upepeo wake. "Kanada imekuwa karibu hivi?"

Alipoelezwa hakupiga kelele. Kabula si mwanamke wa kelele. Aliuliza tu, "Agnetha ameambiwa?" Valentino akatikisa kichwa. Akampa godoro na kazi: ng'ombe wake sita hawana mchungaji. Basi asubuhi mdogo wake alikuwa akitoka na fimbo nyuma ya ng'ombe, yeye aliyewasingizia, na Kabula anasema wakati mwingine alimkuta amesimama anamtazama mmoja wao usoni.

Sisi huku Ipuli tulikuwa tukimtumia ujumbe kwenye kundi la simu la jumuiya. Mzee, theluji ikoje? Mzee, tutumie picha ya ndege. Yeye kutoka zizini Bukene alijibu, "Mtandao unasumbua huku." Tukaamini. Tukasema nchi za watu zina baridi hata mtandao unaganda. Nikikumbuka naona haya mpaka leo, na sijui ninamwonea yeye au ninajionea mimi niliyeandika maneno hayo ya theluji.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Agnetha hakutuambia kitu; baba yake alimwomba anyamaze, naye akanyamaza kwa kumheshimu. Alimtumia picha baba yake peke yake. Mzee Mnyarwanda wa kanisa lao ndiye aliyempeleka altareni. Kwenye benchi la mbele palikuwa na nafasi moja, na juu yake limetandazwa koti la bluu, jipya, la mtu mwembamba. Valentino aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka likabaki koti tu. Kisha akampa dada yake simu, akaenda kuwanywesha ng'ombe maji ingawa walikuwa wameshakunywa.

Wiki iliyofuata Agnetha akapiga simu. Ilikuwa alasiri, Kabula anasikia yote kwa kuwa mzee wetu hajui kusikiliza simu bila kuifanya ipige kelele. Sauti ya binti ilikuwa ya mtu aliyekwishaamua.

"Baba, shikamoo. Nimepata mwanasheria. Walikuonea, na mimi sitaliacha hivi. Kesho naenda kuapa mbele yake kwamba baba yangu nimekujua maisha yangu yote na hujawahi kuwa na kesi yoyote, popote. Nitaweka mkono juu ya Biblia. Nitaandika kwamba mimi ni muuguzi, nina leseni, jina langu liko pale. Watatusikiliza."

"Mama, usijisumbue."

"Nisijisumbue vipi? Wamekuita mwongo, baba. Wewe."

Valentino akasema atampigia, betri inaisha. Betri ilikuwa imejaa. Kabula alikuwa akichuja masega. Hakuinua kichwa.

"Mimi niliuza dume langu ili usifungwe," alisema. "Sikuliuza ili mtoto aape uongo kwa ajili yako."

"Nikimwambia, nitabaki na nini, dada?"

"Sijui. Lakini ukinyamaza, kesho na yeye atakuwa ana chake cha kuficha mpakani."

Kabula anasema Valentino alikaa kwa kitambo kile mtu anachotumia kumaliza ugali, mikono katikati ya magoti. Ng'ombe walikuwa wanarudi wenyewe, mchungaji hayupo. Kisha akapiga. Agnetha akapokea haraka.

"Baba? Mwanasheria anataka pia nieleze habari za kazi yako. Nimeandika ulikuwa dereva, na hujapata ajali ila ile ya ng'ombe."

Valentino aliitazama simu.

"Baba, uko hapo? Yule ng'ombe." Sauti yake ikalegea kidogo, ikawa ya mtoto wa zamani. "Alikuwa wa rangi gani vile?"

"Mwekundu," alisema Valentino. "Mwenye baka jeupe kwenye paji la uso."

"Ndiye huyo."

"Lakini hakuwa barabarani, mwanangu. Alikuwa zizini kwa shangazi yako. Aliuzwa kulipa faini yangu."

"Faini ya nini?"

Kabula alisimamisha mkono kwenye masega. Anasema hakuwahi kumwona mdogo wake mzee kama alivyomwona wakati ule.

"Ya kukupasua uso. Hapakuwa na ng'ombe. Nililala kwenye usukani. Hakimu alinitia hatiani, na watu wa huko hawakunionea, waliuliza tu. Mimi ndiye niliyekufanya uandike hapana. Usiende kuapa."

Kisha Agnetha akauliza, polepole, kama muuguzi anayemwuliza mgonjwa mahali panapouma.

"Ulikuwa umekunywa?"

"Wanzuki," alisema Valentino.

Mazoea ni kitu kibaya. Kabula anaapa kwamba aliyaona maneno yale ya siku zote yakimpanda kooni, yaliyosemwa Bukene, yakasemwa Nzega, yakasemwa Toronto. Si pombe. Ni asali.

"Baba," alisema Agnetha, "wanzuki ni pombe?"

"Ni pombe, mwanangu," alisema. "Ni pombe."

Agnetha hakukata simu. Wakakaa hivyo, yeye kule, baba yake huku, simu imeshikwa kwa mikono miwili, mpaka betri ikaisha kweli.